Istikhara, Baiskeli na Barabara Iliyofungwa



Katika maswali yanayonifikia kutoka kwa mabiharusi, moja hurudi sana: "Niliswali istikhara, moyo ukatulia, nikakubali. Halafu ukumbi ukakosekana, tarehe ikasogezwa, mambo yakaharibika. Je, hilo ndilo jibu langu?" Mimi sina elimu ya kutoa fatwa. Nina kisa cha baiskeli tu, na nitakisimulia kama kilivyokuwa.

Wakati ule nilikuwa nasoma Grenoble, mji wa Ufaransa uliozungukwa na milima ya Alps pande zote. Mtoto wa Unguja, ambako kilima kirefu kuliko vyote hakifiki mita 150, najikuta kila Jumamosi nasukuma pedali kuelekea mawinguni. Nilianza na kundi la wanawake wa mtaani kwetu. Baada ya mwaka mmoja nikajiandikisha kwenye safari moja ya siku nzima ambayo maelfu ya watu wa kawaida huiendesha kila kiangazi. Wapo wanaokimbizana na saa. Sisi wengine tunataka kufika tu. Ni zaidi ya kilomita 170, na ukijumlisha kupanda kote unapata kama mita 5,000. Kwa kulinganisha, kutoka lango la Marangu hadi kilele cha Kilimanjaro ni mita 4,000 hivi.

Harusi yangu ilikuwa Septemba. Safari ilikuwa mwanzoni mwa Julai. Mnaelewa sasa tatizo lilipoanzia.

Kwetu mwari hukaa ndani. Anasingwa, anafukizwa udi, hapigwi na jua. Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenitafutia somo na kusimamia kila kitu, aliposikia habari ya Julai alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani imekatika. Halafu akasema, "Mwanangu, mwari hapandi mlima." Tena kuna lile neno linalosemwa jikoni kwa sauti ya chini, kwamba baiskeli humharibu msichana. Hili nalisema wazi kwa sababu limewaumiza wengi: utando ule hauthibitishi chochote, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kwa sababu hauna msingi wa kisayansi. Mchumba wangu nilimwambia mwenyewe kabla hajaambiwa na watu. Alicheka, akaniuliza kama breki zangu ni nzima.

Niliswali istikhara. Si kwa ajili ya ndoa, hiyo nilishaiswalia. Niliiswalia safari, kwa kuwa sikutaka kuingia nyumba ya watu na mgogoro mkononi. Moyo ukatulia, mama akaridhia, na kaka yangu anayefanya kazi Lyon akasema atanifuata kwa gari. Nikaendelea na mazoezi.

Siku tatu kabla, barua pepe ikaja. Mvua kubwa imeshusha mawe na udongo, barabara ya Galibier imefungwa, njia imebadilishwa.

Galibier ni kipito cha mlima chenye mita 2,642. Kipito ni pale barabara inapovuka kutoka bonde moja kwenda jingine, na pale juu huwa pana kibao chenye jina na urefu. Kibao kile nilikuwa nimekitundika picha yake jikoni kwa miezi minane. Kila nilichokula na kila alfajiri niliyotoka kwenye baridi, nilikuwa naelekea kwenye kile kibao. Watatu katika kundi letu walijitoa jioni ile ile. Walisema bila Galibier hakuna maana, watasubiri mwaka mwingine. Siwalaumu, lakini wao walikuwa na mwaka mwingine. Mimi mwaka mwingine ningekuwa wapi, Allah ndiye ajuaye.

Shangazi alipopata habari alipiga simu kwa furaha kabisa. "Umeona? Ndilo jibu la istikhara yako. Mola amekufungia njia."

Neno lile lilinishika. Usiku sikulala. Ukiambiwa na mtu asiye na imani kwamba uache, unamjibu. Ukiambiwa kwa jina la Mola wako, unajibu nini?

Asubuhi nikampigia ustadha wangu wa chuoni, Unguja, mama mtu mzima ambaye hana subira na maneno mengi. Nikamweleza yote. Akaniuliza, "Mbio zimefutwa?" Nikasema hapana, zimebadilishwa njia. "Umeumwa? Kaka yako kaghairi?" Hapana. "Basi istikhara ni dua, si bao. Umemuomba Mola akuchagulie, sasa fanya lililo mbele yako. Likiwa na shari atakuepusha nalo. Usianze kusoma mawe." Akakata simu, alikuwa na wanafunzi.

Nikakaa na ramani mpya. Badala ya Galibier, baada ya kipito cha kwanza cha Glandon tungepanda kona za Montvernier, kisha Mollard, kisha Croix de Fer, maana yake Msalaba wa Chuma, mita 2,067, halafu mwisho uleule, Alpe d'Huez. Nikahesabu mita za kupanda. Haikuwa imepungua njia hata kidogo! Waliojitoa walidhani wameepushwa na kitu chepesi.

Na huko milimani jambo hili si geni. Mwaka 2015 mlima uliteleza juu ya handaki la Chambon, barabara ya kutoka Grenoble kwenda Briançon ikakatika, na Tour de France yenyewe ikaiacha Galibier ikapitia Croix de Fer. Mwaka 2019 waendeshaji wakiwa tayari wamevuka Iseran, zaidi ya mita 2,700, mvua ya mawe na tope vikaziba barabara mbele yao. Wakasimamishwa, muda ukahesabiwa pale kileleni, na kijana wa Kolombia, Egan Bernal, akavaa jezi ya njano. Mwaka 2025 walikata sehemu ya njia kwa sababu ya ugonjwa wa ng'ombe. Ng'ombe! Wale wanaolipwa kuendesha hupangiwa upya, sembuse mimi.

Tuliondoka Bourg d'Oisans saa 1 asubuhi. Nilivaa hijabu nyepesi ya michezo chini ya kofia ngumu, suruali pana kiasi, iliyobanwa vifundoni ili isiingie kwenye cheni, na shati refu la mikono mirefu. Wanaoniuliza kama nilipata joto: ndiyo. Na wenzangu waliovaa mikono mifupi walipata joto pia.

Glandon nilifika juu baada ya saa tatu na kitu. Kona za Montvernier nilizipenda, ni fupi, zimebandikana ukutani mwa mlima kama ukili uliokunjwa. Mollard ndiyo iliyonitesa. Inapanda ndani ya msitu, kona baada ya kona, huoni mbele wala huoni ulikotoka, na jua la mchana limekaa juu ya barabara. Pale nilishuka mara mbili. Mara ya pili nilikaa kwenye majani nikala tende saba, moja moja, na sauti ya shangazi ikarudi kichwani: amekufungia njia. Mbele yangu palikuwa na lami nzima, wazi, haina jiwe. Nikapanda tena.

Huko Julai adhuhuri huingia saa 7 na dakika 40 mchana hivi, na alasiri karibu saa 12 jioni. Nilifika kijiji cha Saint-Sorlin-d'Arves saa 9 na nusu. Kulikuwa na hodhi la maji ya mlimani yanayotiririka, baridi ya kuumiza mifupa. Nikatia udhu. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mlangoni kwake akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nataka kuswali. Akaishika baiskeli yangu kwa mikono miwili, kama anayeshika punda, mpaka nikatoa salamu. Kwetu kibla ni kaskazini, kule ni kusini-mashariki, kwa hiyo nilielekea upande wa nyumbani. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka nilipoinama.

Croix de Fer niliifika karibu saa 11. Kuna msalaba mdogo wa chuma na kibao, na mbele yake vilele vitatu vya Arves vimesimama kama meno. Nikapiga picha. Kule kushuka kulikuwa kurefu na baridi, na katikati barabara inakurudisha juu ghafla kabla ya kijiji cha Le Rivier d'Allemond, jambo ambalo hakuna aliyenitajia.

Kufika chini ya Alpe d'Huez ilikuwa saa 12 kasoro dakika tano. Baada ya saa 12 na nusu hawakuwa wanamruhusu mtu kupanda. Kaka alikuwa pale na chupa za maji, akasema, "Dada, ukitaka tuishie hapa hakuna atakayekucheka." Nikanywa, nikaswali alasiri nyuma ya gari, nikaondoka. Kona ni 21, kila moja ina namba, na zinahesabiwa kurudi nyuma. Kilomita karibu 14. Nilifika juu saa 2 usiku, bado kweupe kabisa.

Picha ya Croix de Fer nilimtumia mama, naye akaisambaza kwa ukoo mzima. Shangazi hakujibu siku mbili. Siku ya tatu akaandika neno moja: "Uliswali?"

Agosti alinipokea uwanja wa ndege, na kesho yake nikaingizwa ndani. Singo ya mlangilangi na karafuu asubuhi na jioni, yeye mwenyewe akisugua. Mstari wa glavu kwenye vifundo vya mikono ulikataa kutoka. Mpaka hina na piko vilipotiwa, chini ya maua ulikuwa unaonekana, na wageni waliouliza shangazi aliwajibu kabla yangu: "Huyu alikuwa mlimani."