Mama wa Taipureta na Kazi ya Knuth

Mtihani wa hisabati, katika miaka ya themanini pale idarani kwetu Dar es Salaam, ulipita mikononi mwa watu wawili: mwalimu aliyeutunga na Mama aliyeuchapa. Mlinganyo mmoja wenye sehemu ndani ya kipeuo cha pili ungeweza kumla asubuhi nzima. Alichapa kiasi, akazungusha rola nusu mstari, akachapa kipeo, akairudisha rola mahali pake, akashuka tena kutafuta asili. Herufi za Kigiriki na alama ya intigrali aliziachia nafasi, nasi tukaja kuzichora kwa kalamu ya chuma juu ya stensili. Penye kosa alipaka dawa nyekundu, akapuliza, akasubiri ikauke. Kisha karatasi zikaenda kwenye mashine ya kudurufu, na mwanafunzi wa nyuma kabisa akaletewa nakala ambayo alama ya kutoa imefifia hadi haionekani. Mtu anaweza kufeli kwa alama iliyofifia.

Yule Mama hakuwahi kusoma hisabati kupita darasa la nane. Lakini alijua kwamba alama ya usawa hutaka hewa pande zote mbili, na kwamba alama ya kutoa iliyo mbele ya namba peke yake haitaki. Hakuna aliyemfundisha. Aliyaona hayo vitabuni, akayashika.

Wakati tukihangaika na stensili, kule Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, Donald Knuth alikuwa na shida iliyofanana na yetu. Juzuu ya kwanza ya kitabu chake The Art of Computer Programming ilichapishwa mwaka 1968 kwa herufi za risasi, ikapendeza. Mwaka 1977 aliletewa prufu za toleo jipya la juzuu ya pili, zilizopangwa kwa mitambo mipya ya picha, na hakuweza kuvumilia sura yake. Akaamua kuandika programu yake mwenyewe ya kupanga kurasa, akaiita TeX, pamoja na nyingine ya kuchora herufi, Metafont. Alidhani ingekuwa kazi ya mwaka mmoja. Ilimchukua takriban miaka kumi, na katikati aliiandika upya yote. Kisha akaitoa bure. Kwa idara kama yetu, isiyokuwa na fedha za kigeni za kununulia programu, jambo hilo lilikuwa na uzito zaidi kuliko sifa zake nyingine zote.

Mimi nilikutana nayo mwaka 1991 huko Trieste, Italia, kwenye kituo cha fizikia ya nadharia alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, mahali ambapo wanahisabati wengi wa Afrika tulipata maktaba na wenzetu wa kujadiliana nao. Mwenzangu mmoja alininakilia disketi za emTeX, ile TeX iliyotengenezewa kompyuta ndogo za DOS na Mjerumani Eberhard Mattes, nayo ikitolewa bure. Nilirudi nyumbani nazo nimezifunga ndani ya shati ili zisipate joto wala vumbi.

Walimu wenzangu walizipokea kwa adabu, wakarudi kwenye chaki. Aliyevuta kiti mbele ya kompyuta ya idara ni Mama.

Kilichowashinda wengi, na bado kinawashinda vijana wengi ninaowaona leo, ni kudhani kwamba TeX ni kitu kimoja. Kwa kweli ni watenda kazi kadhaa wanaopokezana. Kuna kihariri, ambamo unaandika maneno ya kawaida na amri zinazoanza kwa mkwaju ulioegemea nyuma. Kuna TeX yenyewe, inayosoma faili hilo na kuamua kila herufi ikae wapi. Juu ya TeX kuna LaTeX, mkusanyiko wa amri alioutunga Leslie Lamport mwanzoni mwa miaka ya themanini, ili mwandishi aseme tu kwamba hapa sura inaanza, bila kutaja ukubwa wa herufi. Kuna fonti. Na enzi zile kulikuwa na programu nyingine kabisa, iliyochukua matokeo ya TeX na kuyageuza kuwa nukta ambazo printa yetu ya pini ingeweza kuzigonga.

Mama alizitenganisha hatua hizo ndani ya muda mfupi kuliko sisi wenye shahada. Likitokea kosa, hakuwa na papara. Kama programu imekataa na kutaja namba ya mstari, alirudi kwenye faili, akatafuta mabano yaliyoachwa wazi. Kama imekubali, na kwenye skrini ukurasa unasomeka, lakini karatasini herufi zimeharibika, hakuligusa faili hata kidogo. Alijua shida ni ya fonti au ya printa. Nimeona wataalamu wakifuta kazi nzima kwa kutojua tofauti hiyo.

Siku moja aliniita. "Mwalimu, hii sin mbona imelala?" Aliandika herufi tatu tu bila mkwaju mbele, na TeX ikazilaza kama inavyozilaza herufi zote zinazosimamia namba. Nilimweleza kwamba kwa programu hiyo, s, i na n zilizoandikwa hivyo ni namba tatu zinazozidishwa. Akiandika \sin itaelewa kuwa ni jina la kitendo, nayo italisimamisha wima. Akanyamaza, akatazama ukurasa. "Kwa hiyo inataka kujua mtu anamaanisha nini." Sijapata kusikia maelezo bora ya kazi ya Knuth.

Jingine alilolipenda ni jinsi aya inavyopangwa. Taipureta ina kengele: ikilia, mstari unakaribia kwisha, uamue papo hapo. TeX haiamui mstari mmoja mmoja. Inaitazama aya yote, inapima njia mbalimbali za kuikata, inachagua ile ambayo ubaya wa mapengo yake kwa jumla ni mdogo kuliko wa nyingine zote. Knuth na Michael Plass walieleza njia hiyo mwaka 1981. Neno la mwisho la aya linaweza kubadilisha mstari wa kwanza, na Mama, aliyetii kengele karibu maisha yake yote ya kazi, alicheka kwa furaha alipoliona hilo likitokea.

Tatizo lilikuja tulipoanza kuandika mafunzo kwa Kiswahili. Kanuni za kukata maneno zilizokuja na programu ni za Kiingereza. Kupunguza likikatwa lilitoka kupun-guza, na mtoto yeyote wa shule ya msingi anajua kwamba silabi zetu haziishii hivyo: ni kupu-nguza. Mama alifungua daftari, akaanza kuorodhesha: mlinganyo, pembetatu, kipenyo, upungufu, kila neno na mahali pake pa kukatwa. Orodha ile tuliiingiza kwenye faili letu la amri, pamoja na Sura, Jedwali na Mchoro mahali pa majina ya Kiingereza. Aliifanya wakati wa mgao wa umeme wa mwaka 1992, akiandika kwa mkono umeme usipokuwepo, akichapa unaporudi.

Katika shukrani za vitabu na tasnifu zilizotoka kwenye kompyuta ile, wanatajwa wasimamizi, wafadhili, wake na waume. Yeye ametajwa mara chache, na kwa neno moja tu: mchapaji. Lilinikera wakati ule, na linanikera sasa nikiwa mstaafu.

Knuth aliacha kuiongezea TeX mambo mapya. Kila anaporekebisha kasoro, namba ya toleo huongezewa tarakimu moja, ikizidi kuikaribia pai. Ndiyo maana faili la Mama, lililo maandishi matupu tu, bado linasomeka. Mwaka jana kijana mmoja anayeandika tasnifu ya uzamili kwa Kiswahili alilalamika kwamba maneno yake yanakatwa vibaya. Nilimtumia orodha ile. Alipouliza imetoka wapi, nilimpa jina kamili la Mama, nikamwonyesha namna linavyoandikwa, ili aliweke kwenye ukurasa wa shukrani.