Uzi, Saa na Safari ya Eropleni

Siku hizi vijana wa vijiji vyetu husafiri mbali sana, nao wazazi wabakiao nyumbani huhesabu saa. Hesabu hiyo yaweza kuleta majonzi ya bure. Twamjua baba mmoja ambaye mwanawe alitoka Nairobi saa tano ya usiku, akatua New York, katika Marekani, saa kumi na mbili ya asubuhi. Baba akasema, “Safari ni ya saa saba.” Kijana aliporudi, aliondoka kule saa sita ya mchana. Saa saba zikapita, na kumi zikapita, hana habari. Usiku ule nyumba nzima haikulala. Wengine walikwisha anza kuomba kama waombavyo penye msiba. Kijana akatua Nairobi saa nne ya asubuhi, mzima, ana njaa tu.

Hakuna saa iliyodanganya. Jua huchomoza Nairobi kabla ya New York, na wakati wa baridi ya kule saa zao huwa nyuma ya zetu kwa saa 8. (Wakati wa joto ni 7, maana wenyeji husogeza saa zao mbele.) Basi safari ya kwenda, iliyoonekana kuwa ya saa 7, ilikuwa ya saa 15, na ile ya kurudi, iliyoonekana kuwa ya 22, ilikuwa ya 14. Ndizo saa zilizotangazwa safari ya moja kwa moja ilipoanzishwa mwezi wa Oktoba, 2018.

Na urefu wa njia je? Rula juu ya ramani haifai, kwa kuwa dunia ni mviringo kama chungwa, na karatasi ni bapa. Shuleni twatumia tufe na uzi. Kwanza twauzungusha uzi kiunoni mwa tufe, penye mstari wa ikweta. Urefu huo ni kilometa 40,000. Kisha twaukaza toka Nairobi mpaka New York. Hapo watoto hustaajabu, maana uzi hauelekei magharibi tu, bali wapanda kaskazini, wakata jangwa la Sahara, watokea baharini upande wa Moroko. Kwa tufe lenye sentimita 100 kiunoni, uzi huwa kama sentimita 29 na nusu, yaani kilometa 11,800 hivi.

Eropleni kubwa huenda karibu kilometa 900 kwa saa. Ukigawanya, wapata saa 13 na kidogo. Zilizosalia hutumika katika kupanda, kushuka na kutambaa kiwanjani, tena kuna upepo. Kule juu, kama kilometa 10 toka chini, huvuma upepo mkali wa kutoka magharibi. Huizuia eropleni iendayo Marekani, na irudiyo huisukuma. Manahodha wa pwani hawatastaajabu, wameyajua hayo tangu zamani kwa kaskazi na kusi.

Asiye na tufe na atazame saa zilizoandikwa katika tikiti ya safari. Ajumlishe za kwenda na za kurudi, 7 na 22, apate 29, kisha agawanye kwa 2. Tofauti ya saa za nchi mbili hujifuta yenyewe, zikabaki saa 14 na nusu, nao ndio wastani wa kila safari. Ila kwenda na kurudi kuwe katika majira yale yale.