Bibi Alizaliwa Bweni

Tanga, Jumamosi 27 Septemba 2025

Jana FIFA imewafungia miezi 12 wachezaji saba wa Malaysia, na shirikisho lao limepigwa faini ya faranga 350,000 za Uswisi. Karatasi za kuonyesha kwamba wana asili ya Malaysia zimebainika kuwa za kughushi. Juni 10 hao hao waliisaidia Malaysia kuifunga Vietnam 4–0, wawili wakapachika mabao.

Ningeipita habari hii kama si simu ya usiku kutoka Gothenburg, Sweden. Mjukuu wa mama mkubwa, ana miaka 17, winga wa kushoto, amezaliwa huko huko. "Shikamoo mjomba. Bibi alizaliwa wapi hasa? Kuna cheti?" Kocha wake kamwambia kwamba kwa mpira wa kimataifa bibi mmoja tu anatosha. Anataka kuichezea Taifa Stars ya Tanzania. Nimemsikia anavyolitamka jina hilo, na sikulala mapema.

Jumapili 28 Septemba

Nimekwenda kwa mama mkubwa baada ya adhuhuri. Akatoa mfuko wa nailoni kutoka chini ya godoro: kitambulisho, kadi ya hospitali, hati ya ndoa ya Mombasa iliyokunjwa mpaka mikunjo imetoboka. Kitambulisho kinasema 1 Julai 1948. Tarehe hiyo aliikadiria karani, kwa sababu mwenyewe anachojua ni kwamba alizaliwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, wakati wa masika, na mkunga aliletwa kwa ngalawa kutoka mjini. Cheti cha kuzaliwa hajawahi kuwa nacho. Nani angekwenda kuandikisha mtoto wa mvuvi mwaka ule?

"Mwambie nimezaliwa Bweni, mashahidi wangu wote wako makaburini," akasema, kisha akaniuliza kama mtoto anakula vizuri.

Jumanne 7 Oktoba

FIFA imetoa sababu za hukumu ya Malaysia, nami nimezisoma kwa makini. Facundo Garcés: karatasi iliyopelekwa ilidai babu yake alizaliwa Penang, Malaysia, cheti halisi kinasema Santa Fe, Argentina. Rodrigo Holgado: Melaka imegeuka Buenos Aires. Wengine asili yao imekutwa Argentina hiyo hiyo, Brazili, Uholanzi na Hispania. FIFA iliwapata kwa njia nyepesi kabisa, iliomba nakala za asili kwenye nchi walikozaliwa wazee hao, na madaftari ya vizazi yapo.

Hapo ndipo nilipoumia. Babu wa Santa Fe ana daftari linalomtetea au kumsuta. Bibi wa Bweni ukweli wote anao, cheti cha kuzaliwa hana. Kila cheti cha bandia kikikamatwa, watu wa FIFA watazidi kukaza macho, na watakaosumbuka ni watoto wenye bibi wa kweli asiyeandikwa popote. Nawakasirikia walioghushi vyeti kuliko ninavyowakasirikia wanaonunua mechi.

Jumamosi 11 Oktoba

Wiki nzima nimehangaika na sheria. Kanuni ya FIFA inaanza na uraia: huna uraia wa nchi, huichezei, hata kama babu zako wote wamezikwa huko. Anayepata uraia mpya ndiye anayeulizwa zaidi: umezaliwa hapo, au mzazi wako, au babu au bibi yako, au umeishi hapo miaka inayotakiwa? Kwa mtu mzima miaka hiyo ni mitano. Ndiyo dawa iliyochemshwa tangu 2004, Qatar ilipotaka kuwavalisha jezi Ailton na Wabrazili wenzake wasio na uhusiano wowote na Doha.

Kwa hiyo kwa FIFA mtoto wetu amepita, kwa bibi. Anakwama kwetu. Sheria ya uraia ya 1995 inamrithisha uraia anayezaliwa nje kwa kizazi kimoja tu. Mama yake naye alizaliwa nje, Mombasa, kwa hiyo mjukuu hayumo. Hata angekuwemo, akitimiza 18 angetakiwa kuukana uraia wa Sweden. Imebaki tajnisi, yaani kuomba uraia kama mgeni: aache shule na klabu, aje akae hapa miaka. Hadhi maalumu ya watu wa diaspora nayo haimsaidii, kwa sababu si uraia.

Januari mwaka huu wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars walipewa uraia wetu. Sina neno nao, waliomba wakapewa. Lakini tazama ilivyo: mgeni asiye na mzazi wala babu hapa, serikali inaweza kumfungulia na FIFA ikamwambia subiri miaka mitano. Mjukuu wa Bweni FIFA inamkaribisha, serikali inamfungia. Hili la pili liko mikononi mwetu wenyewe na linarekebishika bungeni.

Jumapili 12 Oktoba

Barazani leo wamemrudia Yussuf Poulsen, kama kawaida ya Tanga. Baba yake alikuwa mtu wa hapa, baharia. Alifariki mtoto akiwa na miaka sita. Kombe la Dunia 2018, mjini Saransk, aliwafunga Peru bao pekee la mechi, mgongoni jezi ya Denmark imeandikwa Yurary, jina la baba. Wazee wanasema tulimpoteza. Mimi siamini. Denmark ilimlea na kumfundisha mpira, na jina la baba yake amelipeleka mwenyewe mpaka Saransk. Tuliyempoteza ni yule anayebisha hodi sasa.

Jumamosi 18 Oktoba

Nimempigia simu. Nimemweleza kuhusu Kenya: mama yake amezaliwa Mombasa, baba wa mama ni Mkenya, na katiba ya 2010 inaruhusu uraia pacha. Anaweza kushika pasipoti zote mbili, ya Kenya na ya Sweden. Divock Origi, ambaye baba yake aliichezea Harambee Stars, aliamua kubaki na Ubelgiji, lakini huyu ana hamu ya kuja.

Nimemtahadharisha pia. Mechi za vijana na za kirafiki hazimfungi. Akishacheza mechi ya mashindano na timu ya wakubwa ya Kenya, siku ambayo hana uraia wa Tanzania, basi Taifa Stars imekwisha kwake, hata bunge likibadilisha sheria kesho yake.

Alikaa kimya, kisha: "Bibi atakasirika?"

Nikampa mama mkubwa simu. Akamwambia yeye aliolewa Mombasa akazaa Mombasa, na hakuna aliyemwita msaliti. "Nairobi wakikuita, nenda." Mimi nimeshaamua: siku Harambee Stars itakapokutana na Taifa Stars naye yumo uwanjani, nitamshangilia mtoto.