Programu Yangu Ilisema Mtoto Anajua Kusoma

Wapo walioniuliza zaidi ya mara moja ile programu ya kusomesha watoto niliyokuwa nikijisifia iliishia wapi. Nimelikwepa swali hilo muda mrefu kwa sababu jibu lake lina aibu, tena aibu ya baba na si ya mtunga programu peke yake. Leo watoto wamelala, stima ipo, na chai iko kando. Acha niseme.

Sisi tunakaa Tononoka, hapa kisiwani Mombasa, si mbali na ule uwanja wa mikutano. Mimi naandika programu za wenye maduka na wenye magari ya kukodi, na kazi hiyo naifanyia nyumbani, kwenye meza ileile tunayolia chakula. Mama watoto aliacha kazi ya ukarani tulipopata wa pili. Watoto ni wawili: binti, ambaye ndiye kifungua mimba, na mdogo wake wa kiume.

Masomo ya nyumbani hayakuanza kwa mpango wowote wa maana. Machi 2020 serikali ilifunga shule zote kwa sababu ya korona. Binti alikuwa na miaka sita, ndiyo kwanza ameingia gredi ya kwanza. Aprili ikaja marufuku ya kuingia na kutoka Mombasa, na tarehe 6 Mei Mji wa Kale, majirani zetu hapo tu, ukafungwa kwa siku 15. Tukabaki ndani. Vipindi vya masomo vilikuwepo kwenye redio na runinga, lakini mtoto wa miaka sita humwambii akae amsikilize mwalimu asiyemwona. Basi tukaanza wenyewe.

Shule zilipofunguliwa kwa wote tarehe 4 Januari 2021, hatukumrudisha. Kanisani tulisema ni kwa sababu ya imani, na haikuwa uongo. Tulipenda watoto waanze siku na Neno la Mungu, na tulipenda tuwe sisi wa kwanza kuwajibu maswali yao makubwa. Lakini kulikuwa na sababu ya pili ambayo kanisani hatukuitaja sana: wateja wangu wengi walikuwa wamefunga biashara, na karo ya ile shule ya kibinafsi tulikuwa hatuiwezi tena. Sababu hizo mbili zikashikana mikono. Ukiniuliza leo ipi ilikuwa inaivuta mwenzake, sitaki kuapa.

Siku yenyewe ilikwenda hivi. Adhana ya alfajiri ndiyo saa yetu ya kuamkia, ingawa sisi ni Wakristo (anayekaa mtaa huu hahitaji kengele). Saa moja ni ibada: wimbo mmoja, hadithi moja ya Biblia, halafu kila mtu anaomba. Kijana wetu mdogo aliwaombea paka wote wa ngazini, mmoja mmoja, na kwa kuwa paka wa Mombasa si haba, ibada ilikuwa inachelewa. Kisha mahamri na mbaazi. Saa mbili mama watoto anaanza hesabu kwa vifuniko vya soda. Mwenye mkokoteni wa maji akipita, somo linahamia mlangoni: mitungi mingapi, lita 20 kila mmoja, jumla ngapi, noti hii inarudisha shilingi ngapi. Mtoto alijua kurudisha chenji kabla hajajua kuandika neno chenji.

Hesabu ilikuwa ya mama. Kusoma nikasema ni kwangu. Nilikuwa na kazi ya mteja, sikuwa na saa nzima ya kukaa na mtoto, nikaona hapa ndipo mtunga programu atakapoonyesha faida yake.

Wazo nililipata kwa familia nyingine za kanisani waliokuwa wakitumia vijitabu vya Accelerated Christian Education, mtaala ulioanzishwa Texas, Marekani, mwaka 1970. Vijitabu ni 12 kwa kila somo kwa mwaka, mtoto anakwenda kwa mwendo wake, na kazi zake za kila siku anazisahihisha mwenyewe kwa kitabu cha majibu. Bei ilitushinda, lakini hilo la mtoto kujisahihisha lilinikaa kichwani. Nikamfungulia binti kompyuta kuukuu, nikaandika programu kwa Python. Inaonyesha neno moja kwa herufi kubwa, tuseme MWEMBE, na chini yake picha nne, mbili juu na mbili chini. Mtoto anabofya picha inayolingana na neno. Maneno 30 kila asubuhi, na kila Jumatatu orodha mpya. Mwisho programu inahifadhi alama na kuchora grafu.

Grafu ilikuwa tamu, jamani. Wiki ya kwanza ilianza na 9 kwa 30, Ijumaa ikafika 27. Wiki ya pili, Jumatatu, maneno mapya kabisa hajawahi kuyaona, akapata 28. Baadaye ikawa 29 kila siku, yaani asilimia 97. Nikamwambia mama watoto, unaona, mtoto ameshika sauti za herufi, sasa neno lolote anasoma. Mama mkwe alikuwa akipiga simu kutoka Taita kila Jumapili na swali lilelile, "Mjukuu wangu anasoma shule gani?" Nikampelekea picha ya grafu. Hakuuliza tena kwa wiki tatu.

Mama watoto alishuku mapema. Siku moja jioni aliniambia, "Baba watoto, huyu mtoto haangalii neno. Anaimba." Nikamuuliza anaimba nini. "Anaimba huku juu, kule chini, kule chini, huku chini." Nilicheka. Nilimwonyesha grafu. Haya ndiyo maneno niliyotumia, na nayakumbuka vizuri kwa sababu amenikumbusha mara nyingi: "Takwimu hazidanganyi."

Ilikuwa Juni. Jirani yetu wa chini, mama mtu mzima ambaye watoto wetu humwita Bibi, alipanda ngazi na kikaratasi mkononi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akampita mpaka kwa binti. Kikaratasi kilitoka kwa mwalimu wa chuo anakosoma mjukuu wake. "Haya mwanangu, nisomee hapa. Miwani yangu imevunjika mkono."

Binti alikichukua. Akakitazama. Akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, natabasamu, nasubiri mwanangu anipandishe cheo mtaani. Akainua uso akaniangalia mimi, si Bibi.

"Baba, hapa hamna picha."

Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiswahili, mistari miwili: chuo hakitafunguliwa Alhamisi. Bibi alinitazama, akamtazama mtoto, akasema kwa upole kabisa, "Hapana neno, mwanangu." Akamwomba mama watoto amsomee. Wakati anashuka akaniuliza, bila kejeli, "Nyinyi mwamsomesha na hiyo kompyuta. Na nani amsikiza?"

Usiku huo nilifungua msimbo. Sasa niwaeleze kilichotokea, maana wengine mmekuja hapa kwa ajili ya mambo haya. Kompyuta haijui kubahatisha. Ukiiambia ichague picha bila mpango, kwa kweli inafanya hesabu fulani ndefu inayotoa namba zinazofanana na za bahati nasibu. Hesabu hiyo inaanzia kwenye namba moja inayoitwa mbegu. Ukiipa mbegu ileile, utapata mfululizo uleule, leo, kesho na mwakani. Kwa kawaida programu huachwa ijichukulie mbegu mpya kila inapowashwa. Lakini nilipokuwa naijaribu nilitaka mambo yajirudie ili nione kama picha zote zinatokea, nikaiwekea mbegu maalumu, namba 7. Mstari mmoja tu. Nikausahau humo.

Kwa hiyo kila asubuhi, kwa miezi minne, jibu sahihi la kwanza lilikuwa mahali palepale, la pili palepale, mpaka la 30. Maneno yalibadilika, picha zilibadilika, lakini mahali pa jibu hapakubadilika. Binti hakuwa amejifunza kusoma. Alikuwa amejifunza namba 7. Na wala hakudanganya, maana nilimwambia abofye mpaka sauti ya kengele ilie, naye alifanya hivyo kwa uaminifu. Hata zile alama 9 za Jumatatu ya kwanza zingetosha kunistua. Kwa picha nne, mtu anayebahatisha tu atapata saba au nane.

Nilifuta mstari ule, na asubuhi yake nikamketisha bila kumwambia kitu. Akapata 11. Alilia. Alidhani ameharibu kompyuta. Ilinibidi nimweleze kwamba aliyeharibu ni baba, na mtoto wa miaka saba haelewi kwa urahisi kwamba baba anaweza kuharibu kitu kwa kukisahau.

Nitawaambia kilichonikosesha usingizi zaidi. Nikitoka kwenda dukani hupita karibu na Mahakama ya Watoto, iko hapa hapa Tononoka. Katiba ya 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa. Meza yangu ya chakula haijaidhinishwa na mtu. Tena mimi, mtu wa hifadhidata, nilijua kwamba watoto wengine walikuwa wakiandikishwa na shule zao kwenye mfumo wa NEMIS na kupewa namba ya pekee, na kwamba wetu hayumo. Mpaka hapo nilikuwa nikijitetea moyoni kwamba mtoto hayumo kwenye orodha yao lakini kusoma anajua. Sasa utetezi wenyewe umekwisha. Mtu angenisimamisha pale nje akaniuliza "miezi minne umemfundisha nini?", ningemwonyesha grafu?

Mama watoto hakunisuta. Alisema tu kwamba kusoma sasa ni kwake, na mimi nitapika uji. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: alishuka chini kwa Bibi akamuuliza chuoni wanafanyaje. Bibi akamweleza. Watoto ni wengi, kila mmoja anajisomea kwa sauti mpaka chumba kizima kinavuma, lakini kila mmoja ana zamu yake ya kwenda mbele ya mwalimu na mstari wake. Mwalimu anasikiliza. Ukikosea unarudi ukae. "Huvuki mstari mpaka masikio yake yaridhike," alisema Bibi.

Basi tukatandika mkeka. Dakika 20 baada ya uji, mtoto na mama yake, kidole chini ya neno, kwa sauti. Kazi yangu ikawa kutafuta vya kusoma, na hapo mtandao ulifaa kweli. Upo mradi wa African Storybook ulioanzishwa mwaka 2014 na shirika la Saide la Afrika Kusini. Una hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, na leseni yake inakuruhusu kuzipakua, kuzichapa na hata kuzitafsiri. Nilizichapa rangi nyeusi na nyeupe nikazishona kwa uzi. Picha niliziacha, lakini mama watoto alizifunika kwa kiganja mpaka sentensi iishe.

Ilichukua mpaka Oktoba. Hakukuwa na grafu. Siku moja tukiwa Marikiti alisimama mbele ya kibanda akasoma ubao wote wa bei, kwa sauti, mpaka mwenye kibanda akamwambia atamwajiri.

Januari 2023 tulimpeleka shule, ya serikali, kwa miguu yake. Tulizungumza sana kabla ya hapo, na tuliomba. Wapo ndugu wa kanisani walioona tumeshindwa, na wapo wanaoendelea nyumbani na watoto wao wanasoma vizuri kuliko wangu, siwezi kuwasemea. Mdogo wake alibaki kwenye mkeka mwaka mmoja zaidi, kisha naye akamfuata dada yake. Ibada ya saa moja imehamia saa kumi na moja na nusu. Paka bado wanaombewa, kwa ufupi.

Programu yenyewe sikuifuta. Iko kwenye kompyuta ileile kuukuu, matoleo yote mawili, lenye mbegu na lisilo na mbegu. Mwezi uliopita binti, sasa ana miaka kumi na moja, aliikuta akitafuta mchezo. Akafungua toleo la zamani. Nilimsikia kutoka jikoni, anabofya haraka haraka, kengele zinalia mfululizo. Nilipochungulia, alikuwa amefumba macho.

"Huku juu," anasema. "Kule chini, kule chini, huku chini..."