Mbegu Hamsini za Mathenge

Jumamosi, 11 Januari 2025

Matokeo ya mtihani wa KCSE yalitoka juzi, na hapa Bura, Fafi, kila simu yenye chaji imegeuka ofisi ya Baraza la Mitihani. Waziri wa Elimu, Ogamba, alisoma hesabu zake: watahiniwa zaidi ya 960,000, na kama robo yao tu ndio waliofika C+, alama ya kuingilia chuo kikuu. Wa kwetu niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vikabaki.

Jioni akaja H., anayeingia Kidato cha Nne. Ana binamu Minneapolis, Marekani, na binamu amempigia simu usiku kucha. "Mwalimu, vyuoni kule hawaangalii alama peke yake. Wanauliza umefanya utafiti gani." Nikacheka, nikajuta. Maabara yetu ina hadubini moja, na lenzi yake imeingia ukungu.

Binamu amemtumia tangazo la kampuni inayomuunganisha mwanafunzi na msomi kwa wiki kumi, na mwishoni makala inatoka. Dola 3,000. Nikapiga hesabu nyuma ya rejista: shilingi 390,000 hivi. Ngamia watatu, na mmoja wao awe wa maziwa. H. alinitazama nikiandika tarakimu, hakusema kitu. Kwao hakuna ngamia hata mmoja aliyebaki tangu ukame mkubwa uliopita.

Jumatano, 22 Januari

H. ameleta mada tatu za utafiti: tiba ya saratani, akili unde, nishati ya jua. Zote za watu wengine. Nikamuuliza ni jambo gani la nyumbani kwao lililomchosha mpaka haliulizi tena. Akainua mguu kuonyesha kandambili: mwiba wa mathenge umepita soli na kutokea juu. Kisha akasema, kama mtu anayelalamika tu, "Na hakuna aliyeupanda. Lakini humo ndani ya zizi letu ndimo unamoota kuliko kokote."

Hapo nikakaa chini.

Mti huu wa mathenge kwao ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Kampuni ya Bamburi iliupanda miaka ya 1970 kufufua machimbo ya saruji. Ng'ambo ya mto, kwenye mradi wa umwagiliaji, ulipandwa miaka ya 1980 ili familia zilizoletwa kulima pamba zipate kuni, zisimalize msitu wa kando ya Tana. Kuni zimepatikana, hilo silikatai. Pampu za mradi, kule Nanigi, zilipolegea na mifereji ikakauka, mathenge uliteremka mferejini na kujitwalia nafasi. Na watu wa Baringo walipoishtaki serikali mwaka 2006, walimpeleka mahakamani mbuzi kibogoyo, aliyemalizwa meno na utamu wa maganda ya mti huu. Sijui shahidi gani mwingine aliwahi kutoa ushahidi bila kuapishwa.

Nimemwambia H.: swali lako liko zizini. Nenda kalilete.

Alhamisi, 6 Februari

Mikebe ya kujaribia kama mbuzi ndiye anayepanda mathenge imepatikana, ya mafuta ya kupikia, imetobolewa chini kwa msumari. Makundi matatu, kila moja mbegu hamsini. Kundi A, mbegu ndani ya ganda zima kama lilivyoanguka. Kundi B, mbegu zilizomenywa na kukwaruzwa kwa wembe. Kundi C, mbegu zilizookotwa kwenye mavi ya mbuzi. Udongo mmoja, maji kipimo kimoja, kivuli kimoja.

Kazi ya kundi C H. ameifanya mwenyewe, siku tatu, akipasua vidonge vya mavi kwa kijiti. Wavulana wa darasa lake wamempa jina ambalo sitaliandika hapa. Yeye anaendelea kuhesabu.

Nimekuwa nikifikiria mradi wa Kilimo wa KCSE, ule unaokuja na maagizo kutoka Nairobi. Mtoto wa Kiambu na mtoto wa Fafi wanapewa zao moja, hatua zile zile, na mimi natia alama. Nimeusimamia miaka mingi. Sikumbuki mwanafunzi hata mmoja aliyeniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake kwenye karatasi.

Jumapili, 9 Machi

Mwezi wa saumu. H. anamwagilia alfajiri baada ya daku, kisha tena jua likipungua.

B imeshinda. Za wembe ziliota mapema na kwa wingi, za mbuzi zikafuata kwa mbali kidogo, za ganda zima karibu zote zimelala. H. amenuna. Alikuwa ameshaandika kichwa cha habari moyoni: mbuzi ndiye mpandaji mkuu. Leo ameniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni lazima kundi B litajwe.

Nikamwambia lazima. Kisha nikamwomba anieleze wembe umefanya nini. Akafikiri. Umetoboa gamba gumu, maji yakaingia. Na tumbo la mbuzi? Akanyamaza, halafu uso ukafunguka: mbuzi ni wembe wenye miguu. Wembe haubebi mbegu kutoka mtoni hadi zizini.

Niandike na hili, kwa kuwa daftari ni langu. Usiku nilikaa na simu nikamwandikia utangulizi wote, kwa Kiingereza changu kizuri cha chuoni. Ulisomeka vizuri mno. Nikausoma mara mbili, nikaona hapo hakuna mtoto wa Bura, kuna mwalimu wa miaka arobaini na moja anayetamani angekuwa ndiye anayeomba nafasi. Nimeufuta. Msomi wa dola 3,000 sijui angefuta.

Jumamosi, 12 Aprili

Likizo. Mbuzi wameingia uani. Miche wameikanyaga, mikebe wameibiringisha, na kundi A, maganda yote yaliyobaki, wamekula. H. alinipigia nikadhani kuna msiba. "Mwalimu, kundi A limeliwa." Sikujizuia: nikamwambia basi sasa liko njiani kuwa kundi C. Hakucheka. Baadaye alicheka.

Nilikwenda kwao kutazama. Ayeyo wake, yaani bibi yake, alikuwa amekaa mkekani, akaniita maalim kama kawaida yake, akanipa chai, akasikiliza habari yote ya makundi. Kisha akauliza kwa Kisomali: hizo za mbuzi mlizipanda na mavi yake? H. akasema ndiyo, kidogo yalibaki yameshikana. Mama yule akatutazama wote wawili. Mavi ni mbolea, akasema. Mnajuaje ni tumbo?

Shahada yangu ya ualimu ilikaa kimya pale mkekani. Hatukujua.

Jumatatu, 26 Mei

Wameanza upya, nasema "wameanza" kwa sababu ayeyo sasa ni mshirika. Makundi manne. La nne: mbegu zilizomenywa tu, hazikukwaruzwa, zikazikwa pamoja na samadi. Na zile za mbuzi safari hii zimeoshwa.

Mama yake H. amekuja shuleni. Anaongea kwa upole, ndiyo maana maneno yake yanauma. "Mwalimu, hayo mavi yatampa alama?" Hayatampa. KUCCPS inagawa nafasi za vyuo kwa alama za mtihani, haina kisanduku cha kuuliza mwombaji aliwahi kushangaa nini. Na hesabu ya H. imeshuka muhula huu. Nilimwahidi mama kwamba kuanzia Julai mikebe inafungwa.

Usiku nimemfikiria mwalimu Peter Tabichi. Mwaka 2019 alipopewa ile tuzo ya ualimu ya dola milioni moja Dubai, sote tulimpigia makofi kwenye runinga. Shule yake ya Keriko, kule Njoro, ilikuwa na kompyuta moja, na wanafunzi wake walifuzu kwenda Arizona na kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu. Watu wanapenda kuisimulia kama hadithi ya mtu mmoja mwenye moyo. Mimi ninachokiona ni mwalimu ambaye hakuondoka. Kwetu, walimu watatu walipouawa Kamuthe Januari 2020, TSC, mwajiri wetu, iliwahamisha wasio wenyeji, na siwalaumu waliopanda basi, ningekuwa wao ningepanda. Lakini kuna darasa lililokaa bila mwalimu wa fizikia, na klabu ya sayansi ilikufa hivyo hivyo, bila mazishi.

Ijumaa, 27 Juni

Ni tumbo. Samadi peke yake haikuziamsha. Zimelala karibu kama zilivyolala za ganda. Za mbuzi, hata zilizooshwa, zimeota.

Ripoti kurasa sita, kwa mkono. Kiingereza chake kina makosa na nimeyaacha mengi. Ukurasa wa mwisho ameandika kwamba mbuzi hawa ni wa zizi moja, mbegu ni chache, na kwamba hawezi kusema lolote juu ya ngamia. Sikumfundisha hilo. Hapo nilisimama nikatoka nje kidogo.

Mikebe imefungwa.

Jumapili, 14 Desemba

Miezi sijaandika. Mtihani umeisha, matokeo mwezi ujao, na maombi mengi ya vyuo vya Marekani yanafungwa mwanzoni mwa Januari. Tumekaa chini ya mwarobaini na simu yake, mtandao ukija na kwenda.

Fomu ina nafasi ya shughuli kumi, na kila shughuli inaelezwa kwa herufi 150. Herufi, si maneno! Nafasi tupu nazo zinahesabiwa. Miezi mitano ya mavi na wembe. Jina la kitaalamu, *Prosopis juliflora*, peke yake linakula 18. H. alilifuta akaandika mathenge: nane. Ameokoa kumi.

Nilimshauri azitumie kutaja idadi ya mbegu, wakubwa wanapenda tarakimu. Akatikisa kichwa, akaandika polepole kwa kidole gumba, akanipa simu nisome. Kumi zote amempa ayeyo.

"Lile swali lilikuwa lake," akasema, akaomba simu yake kabla chaji haijaisha.