Tumbo la Mashua

Watoto, ninyi mnaokaa kando ya Ziwa Tanganyika mmekwisha kuona mashua ikipita majini, imepakwa rangi nzuri, buluu na nyeupe. Lakini je, mmeliona tumbo lake? Tumbo la mashua halionekani ila siku ile inapovutwa mchangani na kupinduliwa. Mimi nilisafiri miaka miwili katika mashua ya misioni yetu, kusini ya Kalemie, bila kulitazama hata mara moja.

Ilikuwa mashua ya mbao, urefu wake metri tisa. Ilichukua wagonjwa kwenda hospitali, mihogo na ndakala kwenda sokoni, na watoto wa shule wakati wa likizo. Katika ubao wa mbele mtu alichonga mwaka wake: 1957. Basi, Julai 2012 mkubwa wetu aliniambia, "Frère, mashua imechakaa. Uipake rangi." Mimi nilikuwa nimesoma seminari. Nilijua Kilatini kidogo, nilijua kupiga kinanda, na kazi ya brashi niliidhani kazi ya siku moja tu. Nikanunua makopo mawili ya rangi ya buluu, nikafagia mchanga, nikapaka juu ya rangi ya zamani. Kabla ya jua kutua mashua iling'aa kama sahani mpya. Watu walinisifu, nami nikafurahi kusifiwa.

Fundi seremala mmoja, mzee, alikuja akapitisha ukucha wake juu ya rangi yangu, akasema, "Frère, umemvika mgonjwa kanzu mpya." Nikacheka. Sikumwuliza maana yake.

Haikupita miezi mitano, rangi ikaanza kutoka, vipande vikubwa kama maganda ya ndizi. Nikaikasirikia rangi, nikamkasirikia na mwenye duka. Kumbe kosa lilikuwa langu. Rangi mpya hushika kile inachopakwa, nami sikuipaka juu ya ubao. Niliipaka juu ya rangi iliyokwisha kuachana na ubao. Ile ya zamani ilipoanguka, ilianguka pamoja na mpya.

Julai 2013 tukaipindua mashua tena juu ya magogo. Safari hii nilikwenda mwenyewe nyumbani kwa yule mzee. Nikamwambia, "Papa Fundi, unifundishe." Hakunikumbusha neno lake la mwaka uliopita. Alitwaa vikwanguo viwili, akatwaa tupa, akazipunguza pembe za makali mpaka zikawa za mviringo, ili zisiume ubao. Kisha akanionyesha: unavuta kwako, husukumi, unafuata nyuzi za mti, huzikati. Tena kila baada ya kitambo kidogo unanoa. Kikwanguo butu hukufanya ukandamize kwa nguvu, na ukikandamiza unajeruhi mbao. Siku ya kwanza mikono yangu ilitoka malengelenge, na kazi yangu yote ilikuwa kama upana wa meza hii ya mwalimu wenu.

Rangi zilitoka moja baada ya nyingine: buluu yangu, kisha kijani, kisha kijivu, kisha nyeupe. Mzee alizijua zote. "Kijani hii," alisema, "tuliipaka mwaka alipozaliwa mtoto wangu wa kwanza."

Labda mtauliza, kwa nini kulipaka tumbo, na samaki hawajali uzuri? Maji huingia katika mbao na kuziozesha, rangi huyazuia. Tena majani ya maji huota juu ya tumbo, mashua ikawa nzito. Sisi watu wa ziwa tuna bahati. Baharini wapo wanyama wenye magamba magumu wanaojibandika kwenye vyombo, na wapo wadudu wanaotoboa mbao mpaka zikawa kama sega la asali. Kwa ajili ya hao, mwaka 1761 Waingereza walilifunika tumbo la merikebu yao ya vita, HMS Alarm, kwa mabati membamba ya shaba, metali ile ile inayochimbwa kwetu Katanga. Wadudu walishindwa, lakini shaba ilifanya misumari ya chuma kuliwa upesi. Siku hizi rangi nyingi za vyombo vya bahari hutiwa unga wa shaba. Palikuwa na rangi nyingine iliyotiwa sumu ya tributilitini. Iliwaharibu chaza wa Arcachon, huko Ufaransa, na mapatano ya mataifa ya mwaka 2001 yaliikataza. Yalianza kushika nguvu mwaka 2008. Dawa ya tumbo la chombo haikai kwenye tumbo tu. Huingia majini pia.

Nirudi kwenye mashua yetu. Chini ya nyeupe ikatokea nyekundu, nzito, yenye kushika sana. Nilikuwa nikiikwangua kwa bidii, nayo ilikuwa kavu, na upepo wa kusi ulikuwa ukivuma. Mzee alirudi kutoka kunywa maji, akanishika mkono. "Acha, Frère. Hiyo ni rangi ya risasi."

Mafundi wa zamani waliipenda miniumu hiyo kwa kuwa hudumu sana. Lakini risasi ni sumu. Vumbi lake likiingia kinywani au puani hukaa mwilini: tumbo huuma, damu hupungua, na akili ya mtoto hudhoofika. Mwili wa mtoto mdogo huipokea kuliko mwili wa mtu mzima, mara nne au tano zaidi. Nikageuka kutazama upepo unakokwenda. Nyuma ya mashua alikuwa amechuchumaa mtoto wa miaka minne hivi, viganja vyake vyekundu. Alikuwa akiokota vipande apate kupaka motokari yake ya mabua.

Nilimbeba mbio. Nilimwosha mikono na uso kwa sabuni mara tatu. Mama yake alikuja akauliza, "Frère, mbona unatetemeka?" Nikamweleza yote, na jambo hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko kukwangua.

Tangu siku ile tulitandika turubai chini, tukalowesha rangi kwa maji kabla ya kukwangua, tukafunga vitambaa puani. Hatukuichoma kwa moto, maana moshi wake ni mbaya vilevile. Tulioga na kubadili nguo kabla ya kula. Takataka zote tulizitia katika pipa lenye kifuniko. Hatukutupa hata kipande ziwani, tunakochota maji ya kunywa.

Karibu na mkuku kikwanguo changu kilizama. Nilidhani nimevuta vibaya. Mzee alichomoa kisu, akakisukuma kwa kidole kimoja, nacho kikaingia mpaka mpini. Ubao ulikuwa umeoza, urefu wa mkono mzima. Mwaka mmoja mzima buluu yangu ilikuwa imeuficha.

Nikahesabu safari. Desemba tulivuka usiku na watu ishirini na wawili, na mmoja wao mama mwenye uchungu wa kuzaa. Ziwa letu lina mahali penye kina cha metri 1,470. Pale penye ubao ule, kati ya mama yule na maji hapakuwa na kitu ila rangi tu.

Mzee alikata ubao mbovu, akaweka wa mninga, akaziba nyufa kwa pamba na lami. Tukapaka rangi isiyo na risasi, tukangoja kila mpako ukauke. Septemba tukaishusha majini, na mara ile maji yakaanza kuingia. Moyo wangu ukashtuka. Mzee akacheka. "Mbao zimekaa juani miezi miwili, Frère. Zina kiu. Ziache zinywe, zitavimba na kujifunga zenyewe."

Siku mbili nilichota maji kwa kopo. Siku ya tatu, asubuhi mapema, nikatia mkono chini ya sakafu ya mashua. Palikuwa pakavu.