Jirani Kisheria

Somo la uzembe, darasani, huanza na konokono. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mgahawa mjini Paisley, Scotland, rafiki alimnunulia May Donoghue soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi ndani. Alikwisha kunywa kiasi, na iliyobaki ilipomiminwa, alidai, akatoka konokono aliyeoza.

Hakuinunua yeye, hivyo hakuwa na mkataba na mtu. Akamshtaki mtengenezaji, David Stevenson. Mwaka 1932 majaji wa juu kabisa jijini London walikubali, watatu kwa wawili, kwamba madai ya namna hiyo yanaweza kusikilizwa. Lord Atkin aliuliza: kisheria, jirani yangu ni nani? Ni yule ambaye tendo langu linaweza kumgusa kwa karibu mno hata nipaswe kumfikiria kabla sijalitenda.

Maswali yaliyojengwa juu ya jibu hilo ndiyo yanayoulizwa hata Tanzania leo. Mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari? Aliukiuka? Ukiukaji huo ndio ulioleta madhara? Madhara yenyewe ni yapi? Likikosa jibu moja, dai linaanguka.

Mama mdogo alivunjika nyonga kwenye ngazi ya duka la mtaani kwao. Ndugu walimwambia ajali haina kinga. Mimi niliuliza habari za ule ubao. Wauzaji walijua umeoza. Wao wenyewe walikuwa wakiuruka.

"Nimshtaki jirani?" aliniuliza. "Alikuja hospitali na matunda. Msiba wa mjomba wako alichimba kaburi."

Kwa Atkin, ujirani ndio unaozaa wajibu. Kwa mama mdogo, ujirani ndio unaofunga mdomo. Sikuweza kumwambia kwamba amekosea, maana akifa atazikwa na watu wa mtaa ule, si na majaji. Lakini anatembelea gongo, na dawa ananunua kwa mkopo. Sheria ya ukomo inatoa miaka mitatu kwa madai ya aina hii. Amebakiza miezi minne.

Nilimweleza kwamba hata kesi ya konokono iliishia kwenye maelewano, baada ya Stevenson kufariki, na konokono mwenyewe hakuthibitishwa kamwe.

Alifikiri siku mbili, kisha akanituma niandike barua. Inaomba mambo mawili: gharama za hospitali, na ubao mpya.